Ukingo wa Juu wa Mlango

Kila Shaabani inapokaribia kwisha, mji wa Musoma huanza kunuka rangi. Katika barabara ya Mukendo ndoo za lita 20 hufungwa nyuma ya bodaboda, ngazi huazimwa kutoka nyumba hii hadi ile, na akina mama huanza kushusha mapazia. Bunda nako hali ni hiyo hiyo, na hata Butiama, ambako nyumba zimesambaa baina ya mashamba na majabali, utamkuta baba amesimama uani akipima kwa macho kama galoni moja itatosha milango yote. Kuitengeneza nyumba kwa ajili ya mwezi mtukufu, kwa Idi au kwa harusi, ni desturi njema, na sisi wa safu hii hatuna neno nayo. Neno letu leo ni juu ya ile siku ya mwisho ya kazi, fundi anapoanza kukunja turubai na mwenye nyumba anapoanza kuhesabu fedha. Aghalabu ugomvi huzaliwa siku hiyo.

Tumesukumwa kuyaandika haya na shauri moja lililotufikia. Majina hatutayataja, kwa kuwa wahusika wote wangali jirani zetu, na wote wameridhia kisa chao kisimuliwe.

Familia moja ya hapa Musoma ilikuwa ikimwoza binti yao katika Shawwali. Nyumba ilikuwa imeongezwa sebule na vyumba viwili, plasta ikapigwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na nikahi ikapangwa Ijumaa ya pili baada ya Idi. Fundi wa rangi alikuwa kijana kutoka Bunda, mwenye mkono mwepesi na ulimi mzuri. Walikubaliana shilingi 350,000 kwa kazi yote. Akapewa 200,000 za kuanzia, zikabaki 150,000. Kijana akapaka kuta, dari na milango mitano kwa siku nne. Nikahi ikafungwa, wali ukaliwa, wageni wakaisifu nyumba. Wiki ya tatu baada ya hapo rangi ya sebuleni ikaanza kufura mithili ya ngozi iliyoungua moto, na mlango wa chumba cha wageni ukakataa kufunga.

Kijana aliporudi kudai salio lake alionyeshwa ukuta. Akaondoka mikono mitupu. Huko Bunda akawaeleza watu kwamba amedhulumiwa jasho lake. Huku Musoma ikasemwa kwamba yeye ni tapeli. Na kwa kuwa bwana harusi alikuwa wa mtaa mmoja na fundi huyo, haikupita muda maneno yale yakamfikia binti jikoni kwa mama mkwe wake, bibi harusi ambaye hina ilikuwa haijafutika mikononi. Hapo ndipo imamu wa msikiti wao alipotuomba tuketi pamoja naye, baada ya Isha, tuwasikilize.

Baba mwenye nyumba alianza kwa utulivu. "Sheikh, sina haja ya kusema mengi. Ukuta huo hapo, utazameni wenyewe."

Kijana akainamisha kichwa. "Baba, siku ile ya kwanza nilikwambia plasta bado mbichi."

Kabla mzee hajajibu, mama wa nyumba aliyekuwa ameketi karibu na mlango wa ndani akasema, "Alisema, hatukatai. Lakini alisema mara moja tu, kisha akachukua brashi."

Maneno yale yalitufanya sote tunyamaze. Ndani yake mlikuwa na kosa la pande mbili, na mama yule alikuwa amelitaja bila kujipendelea.

Hebu tueleze kidogo kuhusu plasta, maana wengi wetu tunadhani hukauka kama nguo iliyoanikwa. Saruji hunywa maji na kugeuka jiwe taratibu. Ndiyo maana fundi mwashi mwaminifu huinyunyizia maji siku za mwanzo badala ya kuiharakisha ikauke. Kwa kawaida huachwa siku 28 kabla ya kuguswa na rangi. Ukiipaka kabla ya hapo, mambo mawili hutokea. Kwanza, maji yaliyomo ukutani hutafuta njia ya kutoka, na yakikuta ngozi ya rangi imewaziba hewa, huisukuma mpaka ifure. Pili, saruji mbichi ina ukali wa namna ya magadi. Ukali huo huila rangi, huipausha kwa mabaka, na wakati mwingine hutoa unga mweupe wa chumvi unaorudi kila ukifutwa. Sebule ile ilipakwa plasta ikiwa na umri usiofika wiki tatu. Tena ilikuwa masika, kwani miaka ya karibuni Shawwali imekuwa ikiangukia katika mvua hizo, na upepo wa ziwani wakati huo hubeba unyevu mwingi kuliko ukavu.

Kuna jaribio jepesi ambalo mama yeyote anaweza kulifanya bila kumsubiri fundi. Chukua kipande cha nailoni inayoonya ng'ambo, ukubwa wa mkeka mdogo wa mtoto, ukibandike ukutani kwa utepe kwenye kingo zake zote nne, kisha ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta vitone vya maji upande wa ndani, ukuta huo haujawa tayari, hata kama ukiugusa kwa kiganja unauona mkavu.

Ndugu zetu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Nyumba kongwe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikapakwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Watu walipoanza kuzivika plasta ya saruji na rangi zisizopitisha hewa, unyevu ulifungiwa ndani na rangi ikaanguka vipande vipande. Huku kwetu Mara nako, kabla ya ndoo hizi za dukani, akina mama walisiriba kuta kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Tunawakumbuka bibi zetu: hawakusiriba mara moja wakaondoka. Waliacha ukuta ukauke na kupasuka nyufa zake, kisha wakarudi na udongo laini wa kuziba, na mara ya mwisho walipitisha kiganja polepole kutoka juu hadi chini. Kiganja kilichokwaruzwa kilirudia pale pale. Msasa wa siku hizi ni kiganja cha bibi kilichouzwa kwa karatasi.

Turudi barazani. Nani basi aliyeuharakisha ukuta ule? Baba alikiri kwamba kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kugawiwa na kwamba alimwambia kijana, "Wewe paka, mengine niachie mimi." Kijana naye alikiri kwamba aliogopa kazi isije ikapewa mwingine. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na udhuru wa kila mmoja ulikuwa na uzito. Laiti jambo lingeishia kwenye ukuta, tungegawa hasara nusu kwa nusu na kwenda kulala. Imamu akaona afadhali kwanza aitwe mtu mwenye kuijua kazi.

Aliyeitwa alikuwa mzee mmoja wa Butiama, ndiye aliyemfundisha kijana huyo kushika brashi. Sasa amestaafu, macho yamepungua nguvu, na hutembea kwa fimbo. Alifika kesho yake kwa basi la asubuhi. Tulitarajia aende moja kwa moja kwenye ukuta uliofura, hakuutazama. Aliomba kigoda, akakiweka kando ya ule mlango uliokataa kufunga, akapanda kwa kusaidiwa, akapitisha kidole chake juu ya ukingo wa juu wa mlango, pale ambapo mtu mzima aliyesimama hapaoni. Kidole kikarudi na vumbi la kijivu na nyuzi za mbao.

"Hapa alipaka nani?" akauliza.

Kijana hakujibu.

"Mwanangu, ninakuuliza kwa kuwa hapa hakuna mgeni atakayetazama. Ndiyo maana naanzia hapa."

Akahama kwenye mlango wa pili, na wa tatu. Milango yote mitano ilikuwa inang'aa usoni na mikavu kichwani. Alipoagiza mmoja utolewe kwenye bawaba zake ulazwe chini, ukingo wa chini nao ukaonekana haujaguswa. Hapo akatueleza kwa nini mlango ulivimba. Mbao hunywa maji zaidi pale nyuzi zake zilipokatwa, na kwa mlango ni juu na chini ya mihimili miwili ya pembeni. Ukipaka uso wake mara tatu na kuziacha ncha hizo wazi, umeufunga mtungi ubavuni na kuuacha mdomo. Masika ilipokuja, mlango ulikunywa, ukanenepa, ukakwama kwenye fremu. Na mlango uliokwama husukumwa kwa bega, rangi yake ikabanduka pembeni, kisha lawama zote huangukia aina ya rangi na duka ilikonunuliwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo shauri lilipopambanuka. Ukuta ulikuwa na kisingizio: siku zilikuwa chache na mwenye nyumba alishurutisha. Mlango haukuwa na kisingizio. Kupaka kingo za juu na za chini za milango mitano kungemgharimu kijana nusu saa na kikombe cha rangi. Hakuna aliyemharakisha hapo wala kumkataza. Aliziacha kwa kuwa alijua hazitaonekana.

Waislamu tumefundishwa neno la kuliita jambo hili. Katika hadithi mashuhuri ya Jibril (amani iwe juu yake), alipomwuliza Mtume (rehma na amani zimshukie) juu ya ihsani, jibu lilihusu kumwabudu Allah kana kwamba tunamwona, na ikiwa sisi hatumwoni basi tujue Yeye anatuona. Tumezoea kuisoma hadithi hiyo tukifikiria sala za usiku. Na katika Sura ya Saba'i Allah anataja jinsi alivyomlainishia Daudi (amani iwe juu yake) chuma na kumwamrisha atengeneze deraya kamili, tena apime sawasawa kuunganika kwa pete zake. Nabii na mfalme anaagizwa juu ya kipimo cha pete! Anayedhani kwamba mambo ya brashi na msasa ni madogo mno kwa dini aisome tena sura hiyo.

Mzee yule hakuhubiri, lakini. Alishuka kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa, kisha akaanza kukagua nyumba, na sisi tukamfuata nyuma kama wanafunzi wa madrasa. Alichokifanya kinafaa kila familia ikijue, maana siku ya kupokea kazi wengi wetu husimama katikati ya chumba, tukageuza shingo mara moja na kusema, "Mashaallah."

Yeye alifunga mapazia, akawasha tochi, akailaza kwenye ukuta ili mwanga upite ubavuni. Ukuta uliokuwa umenyooka mchana ukatoa mawimbi, mashimo ya misumari yaliyosahauliwa, na michirizi pale ambapo rangi ilipakwa juu ya puti ambayo vumbi lake halikufutwa. Vumbi la msasa, alisema, ni ukuta wa pili; ukipaka juu yake umepaka vumbi, na siku moja vitaanguka pamoja. Kitambaa chenye unyevu kingetosha kulifuta.

Kisha akatazama mahali ambapo rangi mbili hukutana: ukuta na dari, ukuta na fremu, ukuta na marumaru za chini. Mstari huo hufaa uonekane kama uliokatwa kwa uzi. Mafundi wengi hubandika utepe wa karatasi, na ni vizuri, ila utepe una adabu yake: ubandikwe kwa kukandamizwa ukingo wote, na ubanduliwe rangi ikiwa bado haijakomaa. Ukiachwa mpaka rangi ikauke kabisa, huondoka na ngozi ya rangi na kuacha meno ya msumeno. Akatazama swichi na soketi. Zote zilikuwa na madoa, kwa kuwa hazikulegezwa skrubu wala kufunikwa. Vitasa vilikuwa na rangi kwenye tundu la ufunguo. Bawaba zilikuwa zimepakwa pamoja na mlango, zikalia kila ulipofunguliwa. "Kuondoa skrubu mbili ni kazi ya mtoto," alisema, na akamtazama kijana kwa huruma zaidi kuliko hasira.

Jambo la mwisho alilouliza lilikuwa ndoo. Ngapi zilinunuliwa, na ngapi zilibaki? Tunalitaja hili kwa kuwa lina hesabu ambayo familia inaweza kuifanya mezani kabla ya kwenda dukani. Rangi nzuri ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja, ukuta ukiwa umelainishwa. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 na nusu, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za mita za mraba 35 hivi. Ukitoa mlango na dirisha, hubaki kama 31. Kwa kupaka mara mbili, hiyo ni lita 5 hadi 6 hivi. Fundi akikimaliza chumba hicho kwa lita 3 na akajisifu kwa kukuokolea fedha, basi ameyauza maji kwa bei ya rangi, na sote tunaijua sura ya Qur'ani iliyoshuka juu ya wanaopunja vipimo. Lakini pia, mwenye nyumba akinunua lita 3 na kumwagiza fundi azinyooshe zitoshe, mpunjaji ni yeye. Katika nyumba ile ndoo zilitosha. Kijana hakuwa mwizi, na mzee alilisema hilo kwa sauti ili kila mtu asikie. Tuliona mabega ya kijana yakishuka kidogo.

Hapa turuhusiwe kuingiza jambo la pembeni linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na maji. Wapo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji na kuzijia taa za nyumba zetu usiku. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa Ziwa Victoria walibainisha kwamba kutoka kwao hufuata mwezi: baadhi ya jamii za wadudu hao huibuka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama. Tazama sasa mpango wetu ulivyo. Tunachelewa mpaka usiku wa kuamkia Idi, tunapaka milango kwa rangi ya mafuta ambayo huhitaji karibu siku nzima kukauka, tunawasha taa na kufungua madirisha ili harufu itoke, na tunayafanya hayo katika siku zile zile ambazo wadudu wameanza kuinuka. Asubuhi mlango mweupe una ndevu. Anayeishi Mwigobero au popote karibu na ufuko, milango na madirisha yake ayapake asubuhi, siku kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na jioni afunge.

Na jambo jingine, zito zaidi. Wengi wetu tuna madirisha ya chuma na milango iliyopakwa rangi ya mafuta miaka mingi nyuma. Rangi za zamani za aina hiyo zaweza kuwa na madini ya risasi, na fundi anapozikwangua kwa msasa mkavu, vumbi lake huenea sakafuni, kwenye mikeka na kwenye vyombo. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto wadogo, ambao hutambaa na kutia vidole kinywani, ndio wanaodhurika zaidi, ubongo wao ukiwa ungali unakua, na kina mama wajawazito hulibeba dhara hilo kwa ajili ya wawili. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira unapendekeza nchi zisiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Kwa hiyo, siku ya kukwangua, watoto wapelekwe kwa bibi yao. Fundi aloweshe eneo kwa maji kabla ya kupitisha msasa, azibe pua na mdomo, na vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Katika nyumba nyingi tulizozitembelea, ufagio ndio chombo cha kwanza kuletwa, tena akabidhiwa mtoto wa miaka sita.

Baada ya adhuhuri tuliketi kutoa uamuzi. Imamu alianza na haki ya mfanyakazi, na hakuipunguza. Alikumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari ambamo Allah anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimlipe ujira wake. Baba akasema, "Lakini, Sheikh, kamili ndiyo hiyo sikuipata." Imamu akakubali. "Ndiyo. Kwa hiyo tutazame ipi uliipata na ipi hukuipata. Kuzuia zote ni kujihukumia mwenyewe."

Na kweli, tatizo kubwa tuliloliona katika shauri lile ni kwamba hapakuwa na karatasi. Qur'ani katika Sura ya Baqara imetuelekeza kuandikiana deni la muda, tena aya yenyewe ndiyo ndefu kuliko zote, nasi tunaandikiana michango ya harusi mpaka shilingi elfu tano huku kazi ya laki tatu na nusu tukiifunga kwa kupeana mikono getini. Laiti wangeandika mistari sita tu: kuta hazitapakwa kabla ya tarehe fulani; puti, kisha rangi ya kwanza, kisha mbili za juu; milango ipakwe pande zote sita; swichi zifunguliwe; salio litolewe siku ya ukaguzi, na ukaguzi ufanywe na watu wawili wa nyumba mchana na usiku. Tunasema watu wawili, na mmoja wao awe mama, kwa sababu aijuaye nyumba ni yule anayeifuta. Mama yule alikuwa ameyaona madoa ya swichi tangu siku ya kwanza. Hakuulizwa.

Uamuzi ukawa hivi. Baba amlipe kijana shilingi 100,000 pale pale, kwa kuwa dari na vyumba viwili vilikuwa salama na hakuna aliyevilalamikia. Shilingi 50,000 zibaki mpaka milango itengenezwe, na kazi ya milango kijana aifanye bila ujira mpya, kwa kuwa kosa hilo lilikuwa lake peke yake. Ukuta wa sebule usiguswe mpaka masika yaishe. Rangi yake anunue baba, kwa kuwa aliyeamuru uharakishwe ni yeye, na kijana atoe siku zake kwa nusu ya malipo, kwa kuwa alijua na akanyamaza baada ya kusema mara moja. Imamu akaongeza sharti moja ambalo halikuwa la fedha: kila mmoja arudi alikosema na aseme kinyume chake. Kijana aende kwa jirani zake wa Bunda akiri kwamba hakudhulumiwa. Baba naye ampigie simu mkwe wake amweleze kwamba fundi yule si tapeli. Sharti hili ndilo lililowachukua muda mrefu kulikubali. Baba aliipiga ile simu mbele yetu, akiwa amegeukia dirisha.

Kijana alirudi mwezi wa Julai, kiangazi, ziwa limetulia na upepo mkavu. Alikwangua sebule mpaka kwenye plasta, akabandika nailoni usiku mmoja, asubuhi akaikuta kavu, ndipo akaanza. Milango yote mitano aliishusha na kuilaza juu ya magogo mawili uani, akaipaka pande zote sita, ukingo wa juu kwanza. Ilimchukua siku sita, mbili zaidi kuliko ile kazi nzima ya awali.

Alasiri ya siku ya mwisho, kabla hajakunja turubai, mama wa nyumba alileta kigoda kile kile, akapanda, na kupitisha kidole juu ya kila mlango, mmoja baada ya mwingine, bila kusema neno. Kisha akashuka na kumkabidhi zile shilingi 50,000 pamoja na malipo ya ukuta. Kijana naye akampa mtungi mdogo wa kioo wenye rangi iliyobaki, umebandikwa karatasi yenye jina la rangi, tarehe na chumba ilikotumika, akamwambia auweke mahali penye kivuli kwa ajili ya madoa ya watoto. Mama akauliza kama utadumu mpaka mjukuu wa kwanza aanze kuchora ukutani. Kijana akasema, "Inshaallah, mama, ukiufunga vizuri."